Tarakimu Nne

Miaka kumi na tisa nilikikalia kiti kile,
mwisho wa foleni, baada ya maharagwe na peasi za kopo,
mbele yangu mashine yenye taa mbili.
Mtoto hubonyeza tarakimu zake nne.
Kijani: pita.
Nyekundu: namba imekufa, na mimi ndiye mzishi.

Kanuni ilibandikwa chini ya kaunta,
niisome mimi tu:
deni likizidi dola ishirini, sinia lichukuliwe,
chakula cha moto kimwagwe,
apewe mkate na kipande cha jibini baridi, ndani ya mfuko wa khaki.
Kimwagwe. Kisirudi sufuriani, asipewe mwingine:
kikishapita mikononi mwa mtoto, afya inakikataza.
Basi tukalilisha pipa
mbele ya macho ya mwenye njaa,
na pipa halikuwahi kudaiwa senti.

Mji wetu uko kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada.
Kiwanda cha karatasi kilipofungwa
hata uvundo wake tuliulilia.

Rosaire Pelkey, darasa la pili, 4471.
Baba yake alikuwa zamu ya usiku, kisha hakuwa na zamu.
Siku ya kwanza ya nyekundu mtoto alinitazama
kana kwamba mimi na mashine tumekula njama.
Siku ya pili alitazama viatu.
Ya tatu hakupanga foleni.
"Leo sina njaa, Bi Thibeault."
Uongo ule naujua. Niliwahi kuusema mwenyewe,
mwaka wa theluji kubwa, kwa Kifaransa cha nyumbani.
Nikabonyeza 1016, namba yangu.
Mara ngapi? Mkaguzi alihesabu: arobaini na moja.
Barua ya onyo ninayo bado,
alama ya ukurasa katika kitabu cha mapishi.

Husemwa dawa ya deni ni kulipa.
Daktari gani alimwandikia dawa hiyo
mtoto ambaye meno ya mbele hayajaota?

Februari wakaniita makao makuu ya jimbo, nitoe ushahidi
juu ya muswada: kila mwanafunzi wa shule ya umma,
asubuhi na mchana, bila malipo, bila fomu.
Dakika tatu. Nilivaa koti langu la mazishi, sina jingine la heshima.
Aliyenitangulia, bwana mwenye chati,
alitamka "motisha" mara saba.
Seneta akaniuliza kwa nini mtoto wa daktari ale bure.
Karatasi nilikuwa nayo; sikuisoma.
Nikasema: Mheshimiwa, mtoto wa daktari hupanda basi la shule bure,
huota joto la darasa bure,
na sijaona dawati likivutwa chini yake
kwa sababu babake kachelewa kulipa.
Kengele ikalia.
Dakika tatu si kitu.
Zinatosha kumwaga masinia sita.

Muswada ulipita kwa kura nne.
Nilikisoma kifungu cha kwanza kwa sauti, jikoni, peke yangu,
na vijiko vikanisikiliza.
Kifungu cha nne nilikisoma kimya:
sheria hii haigusi madeni ya kabla ya Julai mosi.
Kwa hiyo mama yake Rosaire bado analipa,
dola tano kila mwezi, kwa kampuni ya mbali
isiyojua hata rangi ya sinia,
maana yaliyomwagwa nayo yaliandikwa.

Septemba fundi aliing'oa mashine.
Ikaacha matundu manne ya skrubu kwenye mbao
na mstatili mweupe usiowahi kuona jua.
Watoto wanapita. Kelele zao ni zilezile, masinia ndiyo mazito.
Rosaire kaja, darasa la tatu, meno yameota kombo.
Akasimama mbele yangu. Kidole kikatafuta vitufe,
kikagonga mbao tupu:
nne, nne, saba, moja.
Akasubiri taa.

Nami, Mungu anisamehe, nikasubiri naye,
kitambo kidogo, kwa mazoea.

"Pita," nikasema. "Supu inapoa."