Mzigo Usiotajwa

Malaba, saa nne asubuhi. Malori yamepanga foleni
hadi kule barabara inapopinda kwenda Tororo,
na mimi Okiring, wakala wa forodha miaka kumi na saba,
nimekaa kwenye benchi la kliniki,
nimekunja mkono wa shati kama mtu anayetaka kuosha vyombo.

Kitambaa kikavimba, kikanibana juu ya kiwiko.
Sista Asekenye akatazama namba, akanitazama usoni,
akatazama namba tena.
Mia moja themanini na tisa. Ya chini sikuisikia,
lori lilipiga honi.

Nikawahi mwenyewe: ni chumvi, Sista.
Ni chapati za mayai ninazokula nimesimama,
soda mbili za kufukuza usingizi,
sigara za madereva, ambazo si zangu, kwa hiyo sizihesabu.
Miguu naitumia kutoka dirishani hadi kwenye boda.
Nilikiri haraka haraka,
kama mfanyabiashara anavyotaja magunia ya mbele
ili usiombe kuona ya nyuma.

Hila hiyo naijua. Ndiyo inayonilisha.

Hakuandika kitu. Akauliza:
"Na saa tisa usiku unakuwa wapi?"

Kitandani, Sista. Macho.
Nahesabu milioni sita nilizomdhamini shemeji yangu Emojong,
aliyevuka daraja siku moja ya soko, hajarudi.
Hati ya kiwanja iko kwenye droo ya chama cha akiba.
Akurut amelala ubavuni mwangu, anaota nyumba juu ya kiwanja hicho,
na moyo wangu unagonga mto
kama mlinzi anayegonga bati la kontena
asikie kama kuna kitu ndani.

Miezi minane. Mficha maradhi, kilio humfichua:
methali kila mtu anaijua
mpaka akae kwenye lile benchi.

Sista hakunipa pole. Palikuwa na mtoto aliyeungua uji
analia chumba cha pili.
"Kaa hapo. Usishike simu."
Nikakaa. Inzi alitembea juu ya kalenda, akavuka mwezi wa Machi.
Nikasikia pumzi yangu ikiingia na kutoka,
bila karatasi, bila mhuri.

Akarudi. Kitambaa kikavimba tena.
Mia moja sitini na mbili.

Nikamuuliza hiyo ishirini na saba imekwenda wapi.
"Imeshuka hapo ulipoishusha," akasema.
"Lakini ungali mgonjwa. Vidonge utameza.
Na sigara za madereva ni zako."

Jioni niliipita boda yangu ya kila siku,
kijana akadhani nimemkasirikia.
Vumbi, magurudumu, harufu ya dizeli na samaki wa kukaanga,
magoti yakilalamika kama bawaba za geti.

Akurut alikuwa mlangoni anachambua karanga.
"Leo umetembea?"
Nikavuta kigoda. Nikachukua karanga moja, sikuila.

Nikaanza na magunia ya nyuma.