Daraja la Chupa

Lugembe kashuka na treni ya alfajiri,
chupa kaiviringishia fulana ndani ya begi la nguo chafu.
"Elfu thelathini na nane tu, mjomba,"
na ile "tu" yake ikagonga meza kabla ya chupa.
Anasoma lebo kwa kukatakata: bu-bo-ni.
Nyamizi anacheka. Hilo jina la dawa ya kikohozi.

Wiski ya mahindi, basi. Ya Marekani, ya bei ya kuanzia,
ile inayokaa rafu ya chini, usawa wa magoti ya mnunuzi.
Hapa Cheyo kwangu hakuna bilauri za kazi hiyo;
zipo za chai, maua yake yamefifia.
Zikaja zinanukia sabuni. Nikazirudisha
zisuuzwe upya kwa maji matupu.
"Mjomba, ni pombe, si ibada."
Lakini miaka thelathini na moja pua hii imenilisha,
mteuzi wa tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge.
Siwezi kunusa kitu nusunusu.

Kwanza rangi. Naiinua kwenye taa:
jani la katikati, lililokaushwa na mtu asiyesinzia mlangoni pa bani.
Sawa. Ila rangi ni mdomo wa dalali.

Pua, sasa.
Sukari iliyoungulia chini ya sufuria ya visheti.
Karanga mbichi, pamoja na maganda yake.
Kisha mbao, lakini si mninga uliozeekea mlangoni:
ni maranda ya jana, yangali chini ya meza ya fundi.
Na pembeni, kama mgeni aliyeingia bila hodi,
rangi ya kucha.
"Hiyo hata mimi ningeiteua," anasema Nyamizi.

Nikaionja.
Ulimi unakaribishwa kwa utamu, unavutiwa kiti,
halafu moto, mfupi, usio na kinyongo,
halafu hakuna mtu.
Imepita kama gari la afisa aliyechelewa mkutano;
unabaki unatazama vumbi.
Nikaongeza maji, kijiko kimoja.
Ikalegea. Ikatoa asali,
asali iliyorinwa mapema
kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu.

"Haya," Lugembe akasema, "toa daraja."

Kalamu yangu haikuwahi kusita sokoni.
Sijui kwa nini ilisita ulimini.

Nyamizi alikuwa kwenye funda la pili.
Alisema bila hasira, akiitazama bilauri:
"Mwaka ule wa mvua nyingi, kabla hujanijua,
baba alileta marobota matatu.
Ulinusa moja, mara moja, ukapita.
Tuliuza baiskeli."

Miaka ishirini na sita ya ndoa. Hajawahi kulisema.
Nikamtafuta baba yake kwenye ile foleni ya kumbukumbu,
makofia, magunia, jua la saa saba,
karani akinikimbiza kwa daftari.
Sikumwona.

Lugembe akakohoa, akajidai anasoma lebo.

Nikainusa tena. Nikakaa nayo.
"Daraja la tatu," nikasema, "juu kidogo.
Changa, lakini haijidai umri isiokuwa nao.
Kwa elfu thelathini na nane haijaniibia."

"Na yale marobota?"

"Sijui, Nyamizi. Sikuyanusa."

Akafunga kizibo mwenyewe, akakaza.
Usiku hatukuzungumza tena, isipokuwa kuhusu mlango, kama umefungwa.

Asubuhi bilauri yangu ilikuwa bado mezani, kavu.
Pombe imekwenda, rangi ya kucha imekwenda,
na kilichobaki kilikuwa bora kuliko vyote vya jana:
bani siku ya saba, mlango unapofunguliwa,
joto likitoka taratibu, kitu kitamu nyuma yake.
Nikamwita aje anuse.
Akaja na mikono yenye unga.
Akanusa mara mbili,
kisha akaisuuza.