Meno Kumi na Tisa

Kaarel amefunga pinioni ya meno ishirini na tatu,
betri ya seli tatu mahali palipoumbiwa mbili,
na anaiita busara.
Ziwa Võrtsjärv limeganda hadi goti.
Jua la Februari: sahani isiyooshwa.

Gari linatetemeka, linaunguruma, linaondoka.
Sekunde tisa. Kisha ile harufu,
vanishi ya nyaya za shaba,
tamu, kama sukari iliyosahauliwa jikoni.
Anagusa mota, anarusha mkono, anakitia kidole kinywani.
"Hamsini na nane," nasoma kwenye kioo cha rimoti.
"Nitanunua kubwa zaidi."

Ndiye kaka yangu. Mlango ukigoma
hapapasi komeo, hutafuta nyundo.

Mimi ni fundi wa mashine za kufuma, Viljandi.
Miaka ishirini na sita nasikiliza vyuma vikilalamika.
Mota ile haikukosa nguvu;
ilitwishwa mlima kabla ya kuvuta pumzi.
Naomba bisibisi. Hanipi.
Namwomba binti yake, Leenu. Ananipa.

Naingiza mota ya akiba, pinioni ya meno kumi na tisa.
Napitisha karatasi kati ya gia na gia:
ziumane, zisitafunane.
Betri ya pili nimeilea kwapani tangu alfajiri,
maana baridi hunyonya umeme kama kupe.
Matairi, Leenu ameyapiga skrubu mia na sitini,
ncha nje, kila moja kwa mkono wake.

"Umepunguza," anasema Kaarel.
"Nimepunguza."

Leenu anabana kifyatulio taratibu,
kama anayekamua limau la mwisho ndani ya nyumba.
Hakuna mngurumo. Ni mluzi,
mwembamba, unapanda,
sabini,
themanini na nne, unapanda,
tisini na sita
na hapo rimoti ikapotelewa na gari,
na gari, lisilo na wa kulikataza,
likaingia weupeni.

Tulilifuata kwa miguu, robo saa.
Tangu nyumba ya mama iuzwe
hatukuwa tumesemeshana ila juu ya theluji.
Yeye ndiye aliyeliona, chali kwenye matete,
bodi imepasuka, skrubu zimeshika nyasi.
Akapiga magoti. Akagusa mota.
Akakiacha kidole palepale.

"Kumi na tisa?"
"Kesho tujaribu kumi na nane."