Alama Isiyofungwa

Leo, kibandani kwangu Kiborloni,
nimesahau kufunga alama ya herufi nzito.
Nilitaka neno moja tu likolee: kahawa.
Ukurasa wote wa chama cha wakulima
ukanenepa kuanzia hapo kwenda chini,
bei, ramani, mpaka namba ya simu ya mhasibu.

Kivinjari hakikupiga kelele.
Kilichukua nilichokipa, kikakisia, kikaendelea.
Aya niliyoiacha wazi kiliifunga chenyewe
kiliposikia aya nyingine inapiga hodi.
Neno nililoliangusha ndani ya jedwali,
lisilo na kisanduku cha kulala,
kikaliokota, kikaliweka nje, juu ya jedwali,
kama mtoto aliyeletwa kwa shangazi usiku
bila maelezo.

Ipo namna nyingine, ile kali. Nimewahi kuijaribu.
Nukta moja ikipotea, huna ukurasa,
una mstari mwekundu na namba ya kosa.
Karani anayekurudishia fomu
kwa sababu umeijaza kwa wino wa bluu.
Tuliikimbia, sote.

Jioni napanda Mbokomu.
Tangu kiharusi, baba anafungua sentensi
hazifungi.
“Aikande, ile… ya kule… kabla mvua…”
Mama, mwiko ungali mkononi,
anatoka kuanua buni kwenye kichanja.
“Kamwambie yule, yule wa…”
Na mimi natumwa kwa fundi Kirumbuyo, kuulizia bati.
Mwaka wa tatu sasa nyumba inakwenda hivyo.
Wageni husema, mbona mzee anaongea vizuri tu.

Juzi nilikaa karibu naye.
Akasema, “Fung…”
Mama akafunga dirisha.
Upepo ule, alisema, utamrudisha hospitali.
Baba akakitazama kioo.
Nje, usharikani, kwaya ilikuwa inajaribu sauti ya nne,
ile aliyoiimba yeye miaka thelathini,
na sasa ilikuwa inafunguka midomo tu.

Hakulalamika. Angelalamika kwa neno gani?
Mama alirudi kwenye mtori wake
akiwa na amani ya mtu aliyeelewa.

Nikainuka, nikafungua.

Usiku nimeurudia mstari wa arobaini na moja.
Herufi nzito nimeifunga kwa mkono wangu,
ingawa hakuna aliyeniuliza,
ingawa ukurasa ungefunguka hivyo hivyo.