Mashoto

Szeged, Februari. Mabomba ya joto yanakohoa.
Etelka ameshika pipeti kwa mkono wa kuke,
kalamu kwa mkono wa kuume:
ule alizaliwa nao, huu alifundishwa,
kwa utepe wa nywele uliofungwa kitini
darasa la kwanza, mwaka wa njaa.

Ndani ya kichupa uzi umelala,
G na C zikipokezana, ngazi ndefu
iliyozoea kujisokota kuelekea kulia.
Tukautia chumvi. Chumvi nyingi,
ya kukausha nguruwe mzima wa majira ya baridi,
na uzi ukageuka:
uti wa mgongo ukaenda zigizaga,
msokoto ukahamia kushoto,
mchoro wa mashine ukasimama kichwa chini,
bonde pale palipokuwa kilima.

"Umeona," akasema. "Mwenzangu huyu."

Kisha dawa. Nyekundu kama pilipili
zilizotungwa upenuni kwa mama yake;
jasho la vijidudu vya udongo
vilivyoipika sumu ili kumtisha jirani.
Ikiwa huru, huwaka:
ipige mwanga wa buluu, itakurudishia rangi ya chungwa.
Ikipata mwanya kati ya vidato viwili
hujipenyeza kibapa, kama barua chini ya mlango,
hulegeza msokoto kidogo,
huning'iniza mguu wake wa sukari mferejini,
na kuzimika.
Kwa hiyo kazi yetu ni kuhesabu giza.

Tone la kwanza: bado inang'aa. Haikupata pa kulala.
La pili, la tatu, la nne, la tano.
Uzi wa kushoto hauna mwanya wa kumpa mgeni.
La sita, mwanga ukapepesa.
La saba
ukaporomoka.
Aliyetangulia kuingia aliwafungulia wenzake,
vidato vikageuka kimoja kikikivuta kingine,
kuume, kuume, kuume,
na chumvi imo vilevile, haijapungua hata chembe.

Nilipiga meza kwa furaha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne
na makala nzima kichwani.
Etelka alikuwa akiitazama sindano ya mashine.
"Hata kwangu," akasema, "haikuwa nguvu tupu.
Yule mwalimu alikuwa na mikono laini."

Ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tatu,
dawa hiyohiyo ilikuwa ikishuka mshipani
mwa dereva wa tramu niliyemjua kwa kofia tu.
Inatafuta mianya. Haiulizi
huu ni uzi wa uvimbe
au wa shina la unywele.

Daftari lile ninalo mpaka leo.
Safu ya namba, mwandiko wa shule, wima, safi,
hadi tone la saba.
Hapo wino umeburuzwa,
umepakazwa na ubavu wa kiganja
kilichokuwa kikisafiri
nyuma ya kalamu yake.