Endapo

Mama, chuo hapa Pune kinadai bima,
laki nne na ushei, kabla ya muhula.
Nilikuandikia kwa haya, kama mwenye deni:
siumwi. Ni endapo tu.

Siku mbili Tandahimba kimya,
kisha sauti yako, na kikohozi cha salfa katikati:
"Endapo naijua, Mfaume.
Ukishauona ubwiriunga, umechelewa kupuliza.
Mwaka huu nitapuliza nusu ya mikorosho. Lipa."

Kadi imefika leo. Jina wamelikosea.
Nimeisoma hadi herufi ndogo za chini:
mfupa, jino, homa,
hata maiti kurejeshwa kwao.

Nimerudia mara ya tatu, kidole juu ya kila mstari.
Hawakuandika popote
kifua chako.