Inua Kidevu

Miaka ishirini na miwili, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
nimewaambia watu maneno yale yale:
inua kidevu, tazama hapa, usicheke, tayari.
Nyuma yao pazia, na ndani ya pazia
mlima wenye theluji, maporomoko ya rangi ya buluu,
na bata wawili weupe ambao Tanga nzima
hakuna aliyewahi kuwafukuza kwa ufagio.
Maharusi wamesimama pale. Vitoto vya siku arobaini vimelazwa pale.
Mwanajeshi mmoja alisimama pale, hakurudi kuchukua picha yake;
ninayo bado, kwenye bahasha.

Halafu simu zikaota macho mbele na nyuma,
na kiti changu cha kuzunguka kikawa cha paka.

Ndipo nikatoka. Pikipiki ya kuazima, kamera kifuani
kama mtoto mwenye homa,
hadi majaruba ya chumvi, nyuma ya mikoko, njia ya Chongoleani.
Nilidhani nchi ni kama mteja:
unaiweka sawa, unaifuta jasho, unabonyeza.
Nikasema, kwa mazoea, tayari?
Jaruba halikujibu. Upepo ukalikunja uso.
Yangeyange akageuka, akanipa mgongo.

Picha za siku ya kwanza: chumvi kijivu,
kama jivu la jiko la jana.
Nikaitukana mashine, nikafuta lenzi kwa ncha ya shati.
Kumbe kamera ikiona weupe mwingi huogopa,
hubana mwanga, kama mtu mwenye deni
anavyoinamisha macho akipita dukani.
Lazima uiambie: ongeza. Usiogope. Ni nyeupe kweli.
Siku ya pili nimeongeza, chumvi imekuwa chumvi,
ila upeo wa macho umelala upande,
bahari nzima inamwagikia Pemba.

Mwajabu Shekue anakokota chumvi kwa reki ya mbao,
buti moja la kijani, moja jeusi.
Hakuniuliza nafanya nini. Siku ya nne akasema,
bila kuacha kukokota:
"Wewe unakuja jua likishasimama.
Maji haya hulala kidogo tu,
umande ukishachoka na upepo wa bahari haujaamka.
Ukisubiri kupiga mswaki, umechelewa."

Nikaja bila kupiga mswaki.

Na kweli. Dakika saba, labda nane.
Jaruba la kwanza limejaa mawingu, la pili mawingu,
la tatu lina nyota moja iliyosahau kuondoka,
na juu,
sijui nisemeje,
juu hapakuwa na haja ya kutazama tena.
Nikapiga magoti topeni, nikaishusha kamera
mpaka pumzi yangu ikatia mkunjo mbinguni.
Nikaizuia.
Usicheke. Usitikisike. Tazama hapa.
Asubuhi ile mteja alikuwa mimi.

Kati ya picha sitini na tatu, moja.
Na hiyo moja, pembeni kushoto, imeingiliwa na buti la kijani.
Usiku kucha nalitazama, nilikate, nisilikate.
Sikulikata. Bila buti
hujui jaruba lile ni kubwa kiasi gani,
wala chumvi ya ugali wako imetembelewa na miguu ya nani.

Vuli ilipobisha hodi kabla ya siku yake
lundo la chumvi lilikuwa wazi, turubai limeoza.
Nikapanda ngazi dukani, nikang'oa misumari minne,
nikalikunja pazia, nikalifunga nyuma ya pikipiki.
Tukalitandika, Mwajabu kona hii, mimi kona ile,
mawe juu ya mlima, mawe juu ya bata.

Mvua ikaja na kelele zake zote.
Kamera ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, mafundo mawili.
Nikasimama mikono mitupu, natazama
maporomoko yale, miaka ishirini na miwili makavu,
yakilowa kwa mara ya kwanza.